Mwiba Ungali Ndani ya Tairi

Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni

Twawasalimu ninyi mlio jikoni mkingoja chai ichemke, ninyi mnaojitayarisha kwenda kazini au shambani, na ninyi mlio vitandani kwa ugonjwa huku redio ikiwa karibu na mto wenu. Leo asubuhi twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limewapata wengi wenu: pancha ya pikipiki.

Huenda mzee mmoja akasema moyoni mwake, "Je, mchungaji huyu amekosa neno la kutuambia hata atuletee habari za tairi?" La, mzee wetu. Tuvumilie kidogo. Haya tutakayosema hatukufundishwa katika chuo cha theolojia. Tulifundishwa na fundi mmoja chini ya mwarobaini, usiku, na karo tuliyolipa ilikuwa kubwa.

Mwajua jinsi pikipiki zilivyoenea katika nchi yetu. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, ni shida kukuta soko au njia panda isiyo na steji ya bodaboda. Vijana wetu wengi hupata riziki yao hapo. Mama anayeshikwa na uchungu usiku wa manane huchukuliwa kwa pikipiki. Maziwa, magunia ya mahindi, mitungi ya gesi na watoto wa shule hupita humo humo. Hata Chakula cha Bwana hupelekwa kwa wagonjwa kwa pikipiki. Kwa hiyo tairi si jambo la mchezo. Gari lina magurudumu manne, bali pikipiki ina mawili tu, na moja likianguka safari yote imeanguka.

Sasa twawapeni habari yenyewe.

Mwaka wa 2011 tulikuwa tungali wachanga katika kazi ya uchungaji. Tulikuwa tumetumwa katika parokia moja ya tambarare, chini ya vilima vya Taita. Nchi ile ni kavu. Migunga imesimama kando ya njia, na mashamba ya mkonge hayako mbali. Barabara itokayo Mwatate kwenda Taveta ilikuwa bado ya vumbi siku hizo. Parokia ilikuwa na makanisa madogo saba, na pikipiki moja kuukuu tuliyoachiwa na mchungaji aliyetutangulia.

Juma moja tuliona ya kwamba tairi ya nyuma imelegea kila asubuhi. Jioni twaiacha ikiwa ngumu, asubuhi twaikuta imelala kidogo. Tukachukua pampu, tukatia upepo, tukaenda zetu. Jumatatu tulifanya hivyo, na Jumanne vivyo hivyo. Jumatano mwinjilisti wetu alisema, "Mchungaji, tairi hii ina neno. Tuifungue tuitazame." Tukamjibu ya kwamba tuna mkutano wa wazee, na ya kwamba tutaitazama Jumamosi. Tukatia upepo tena.

Katika mojawapo ya makanisa yale palikuwa na mama mmoja mzee, mjane, aliyependwa na watu wote. Lakini mama huyu na mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, hawakupatana. Mara tatu sisi wenyewe tuliwaketisha pamoja na wazee wa kanisa. Mara tatu walipeana mikono, tukaomba, tukanywa chai, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Na kila mara, mwezi mmoja haujaisha, twasikia kijana amekuja nyumbani na kuondoka bila kumwaga mama yake. Hatukuuliza ugomvi ule ulianzia wapi. Tuliona ni adabu kutouliza.

Basi Alhamisi ya juma lile, saa tisa alasiri, tulipigiwa simu. Mama amezidiwa. Anaomba Chakula cha Bwana. Tena yule mwana wa kwanza amefika kutoka Mombasa, na amesema ana neno la kumwambia mama yake mbele ya mchungaji. Tulichukua mkoba wa Ushirika, tukampakia mwinjilisti nyuma, tukatia upepo kwa haraka, tukaondoka. Mwendo ulikuwa kilomita 22. Siku njema tungefika kabla ya saa kumi na moja.

Hatukumaliza kilomita 6. Pikipiki ilianza kuyumba nyuma kama ng'ombe aliyeteguka mguu. Tukashuka, tukafungua gurudumu, tukaivuta tyubu nje, tukatia upepo, tukaisogeza karibu na shavu mpaka tukausikia unapotoka. Tundu lilikuwa dogo kama ncha ya sindano. Tukasugua kwa msasa, tukapaka gundi, tukabandika kiraka, tukarudisha kila kitu mahali pake, tukapanda. Tulifurahi kuona imetuchukua nusu saa tu.

Baada ya kilomita 2 tairi ililala tena. Tukafungua. Kiraka chetu kilikuwa kizima, ila kando yake, umbali wa ukucha, palikuwa na tundu jipya. Tukabandika kiraka cha pili. Jua lilikuwa limekwisha kuinama. Mara ya tatu haraka ilikuwa imetushinda. Tulibandika kiraka huku gundi ingali mbichi, na upepo ulipoingia kiraka kiliteleza kama ganda la ndizi. Gundi ikaisha. Simu haikushika mtandao. Giza likaingia, nasi tukaanza kusukuma.

Wenyeji wa upande ule wajua maana ya kusukuma pikipiki usiku katika njia ya ndovu. Mwinjilisti alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Hatukuzungumza. Kila mmoja wetu alikuwa akiifikiria ile asubuhi ya Jumatano.

Ilikuwa yapata saa mbili na nusu usiku tulipoona taa katika soko dogo. Chini ya mwarobaini mzee mmoja, fundi wa baiskeli na pikipiki, alikuwa akikusanya vyombo vyake afunge. Tulimwamkia, tukamweleza habari yetu. Tulidhani atainama kwenye tyubu mara moja. Hakufanya hivyo. Aliiweka tyubu juu ya tairi, vali ya tyubu mahali ilipokuwa vali, akatazama viraka vyetu vimelala upande gani. Kisha alichukua kipande cha kitambaa kikuukuu, akakipitisha ndani ya tairi polepole, akikizungusha. Mahali pamoja kitambaa kilinaswa. Akaweka taa karibu, akachukua koleo, akavuta.

Ulikuwa mwiba wa mgunga, mfupi, haufiki nusu ya ukucha. Nje ulikuwa umekatika ukawa sawa na mpira, jicho lisingeweza kuuona. Ndani ncha yake ilikuwa imechomoza kidogo tu, imeng'aa kwa kusuguliwa siku nyingi. Alituwekea kiganjani akasema, "Mchungaji, ninyi mlikuwa mkiziba tundu na kumwacha mtobozi ndani. Hata mngebandika viraka mia, angewatoboa mara mia na moja."

Alitutoza shilingi 50, akatuonyesha njia ya mkato, tukaondoka.

Tulifika saa nne usiku. Mama alikuwa hai, lakini ulimi ulikuwa umefungwa tangu magharibi. Hakuweza kumeza. Tulisoma, tukaomba, tukamwekea mikono. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, hasemi. Kabla ya jogoo wa kwanza mama alilala katika Bwana.

Ndugu wasikilizaji, twajua ya kwamba Mungu hafungwi na pikipiki, na roho ya mama yule ilikuwa mikononi mwa Mwokozi wake kabla sisi hatujatoka nyumbani. Hilo twaliamini kabisa. Lakini kulikuwa na neno lililotakiwa kusemwa jioni ile kati ya watu wawili, na neno hilo lilitungoja sisi, nasi hatukufika. Hatuwezi kusema vingine.

Baada ya maziko tulirudi kwa yule fundi. Tulikaa naye kwenye benchi lake alasiri nzima, tukamwomba atufundishe. Twataka kuwagawieni alichotufundisha, hasa ninyi vijana wetu wa bodaboda, kwa maana huenda kikawaokoa.

Kwanza alitueleza ya kwamba kinachobeba mzigo ni upepo. Mpira kazi yake ni kuuzuia upepo usitoroke. Katika miaka ya 1840 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, aliwaza jambo hili, lakini halikuenea. Mwaka wa 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alipata hati ya kuwa mvumbuzi wa gurudumu la upepo. Alianza kwa kulitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo, iliyokuwa ikimrusharusha. Tangu hapo watu wa dunia nzima wamekuwa wakisafiri juu ya upepo uliofungwa. Mtu anayebeba mzigo mkubwa juu ya tairi yenye upepo kidogo anaubebesha mpira kazi isiyokuwa yake. Mpira huo hujikunja na kujikunjua, hupata moto, na mwisho hupasuka. Pikipiki nyingi ndogo huhitaji pauni kama 25 mbele, na nyuma kama 30, au zaidi kidogo zikiwa na abiria. Lakini kila mtu na afuate kitabu cha pikipiki yake, apime kwa kipimo asubuhi kabla tairi haijapata joto la njia. Kidole gumba hudanganya.

Pili alisema kila tundu lina habari zake, na fundi mwema huzisoma kabla ya kushika gundi. Tundu moja upande wa nje wa tyubu, ule unaoelekea barabara, ni mwiba au msumari, nawe utafute ndani ya tairi kama tulivyoona. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, ni tyubu iliyobanwa kati ya tairi na rimu. Hapo upepo ulikuwa kidogo, au uliingia shimoni na mzigo mzito. Tundu upande wa ndani, ule unaoelekea rimu, ni ncha ya spoki, au ule ukanda wa mpira unaofunika spoki umeoza. Tyubu iliyochanika kwenye shina la vali imevutwa. Tairi ililegea ikateleza juu ya rimu, na tyubu ikafuata hali vali imeshikwa. Hiyo usiibandike kiraka, nunua nyingine. Na tundu linaloonekana siku ile ile tairi ilipofungwa, mara nyingi ni chuma cha kufungulia tairi kilichobana tyubu. Katika hilo fundi na ajilaumu mwenyewe.

Vilevile kuna upepo unaotoka bila tundu lolote. Weka mate kidogo juu ya mdomo wa vali. Yakitoa povu, ule moyo wa vali umelegea au umechakaa, nao ni kitu cha bei ndogo.

Tatu alitufundisha kubandika. Sugua kwa msasa mpaka ule mng'ao wa mpira utoke, tena pana kuliko kiraka chenyewe. Pangusa vumbi. Paka gundi nyembamba, kisha ngoja. "Hapa ndipo vijana hushindwa," alisema. Gundi ni lazima ikauke kiasi cha kutoshika kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kutoka katikati kwenda kingo. Kabla ya kuirudisha tyubu, itie upepo kidogo ipate umbo lake, isijipinde ndani. Hakikisha vali imesimama wima. Na tairi iliyokwisha meno, au iliyoanza kuonyesha nyuzi, hiyo usiihurumie. Bei ya tairi mpya ni ndogo kuliko bei ya mguu.

Nne ni juu ya hatari yenyewe. Tairi ikipasuka ukiwa mwendoni, hofu hukuambia ukanyage breki kwa nguvu. Usiisikilize. Shika hendeli imara kwa mikono miwili, punguza mafuta polepole, iache pikipiki ipoteze mwendo yenyewe huku ukielekea kando ya barabara. Ukilazimika kufunga breki, funga ile ya gurudumu zima, na kwa upole. Kama ni ya mbele iliyopasuka, tumia ya nyuma. Kama ni ya nyuma, tumia ya mbele. Na kwa ajili ya Mungu, ndugu zetu, bebeni abiria mmoja kama sheria isemavyo. Wale watatu mnaowapakia saa za jioni ndio wanaoipasua tairi, na ndio wanaoumia nayo.

Hayo ndiyo mafundisho ya fundi. Sasa turudi kwa yule mwana.

Miezi mitatu ilipita. Jumapili moja, baada ya ibada, alitungoja nje ya kanisa karibu na kaburi la mama yake. Alisema, "Mchungaji, ile jioni nilikuwa nawangojea ninyi. Nilitaka kusema mbele yenu ili nisije nikarudi nyuma." Kisha akatueleza. Baba yake alipokufa aliacha ng'ombe wanne kwa ajili ya mjane. Mwana, alipokuwa kijana na mwenye madeni, aliwauza wawili usiku. Asubuhi alisema wameibwa. Palikuwa na kijana mchungaji wa ng'ombe, mtoto wa watu maskini. Huyo ndiye aliyeshtakiwa. Alipigwa, akafukuzwa, na hata kanisani watu walimwita mwizi. Mama alikuwa akishuku ukweli, lakini hakuwahi kuutamka, akimngojea mwanawe autamke mwenyewe. Kila walipopeana mikono mbele yetu, neno lile lilikuwa katikati yao. "Kabla hajakata roho nilimwambia sikioni," akasema. "Sijui kama alisikia."

Nasi tulisimama pale bila neno. Tulikumbuka chai tuliyokunywa mara tatu katika nyumba ile. Tulikumbuka sala zetu za shukrani. Tulikuwa tumebandika viraka vitatu, vizuri sana, wala hatukupitisha kitambaa ndani ya tairi hata mara moja.

Nabii Yeremia, katika sura ya 6, awalaumu viongozi wa taifa lake, manabii kwa makuhani, kwa sababu walilitibu jeraha la watu juujuu tu, wakitangaza kwamba mambo yote ni salama hali usalama haupo. Sisi wachungaji twaona vigumu kulisoma neno hilo. Kazi yetu hutuvuta upande huo. Watu wakigombana, twataka wanyamaze upesi. Mume na mke wakija ofisini, twatamani watoke wakitabasamu kabla ya ibada ya jioni. Kamati ya kanisa ikiwa na kelele kwa sababu ya fedha za ujenzi, twasema, "Ndugu, tusameheane, tuendelee na kazi ya Bwana," na daftari la hesabu halifunguliwi. Mwezi ujao kelele ni zile zile, karibu na pale pale, umbali wa ukucha.

Tazameni jinsi ilivyokuwa kwa Zakayo, katika Injili ya Luka, sura ya 19. Bwana Yesu aliingia nyumbani mwake, na Zakayo akampokea kwa furaha. Lakini Zakayo hakutosheka na ugeni ule mzuri. Alisimama mwenyewe akautaja mwiba wake: mali. Akataja na hesabu: nusu kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ndipo Bwana akanena juu ya wokovu kufika katika nyumba ile. Neema ilikuwa imeingia kwanza, nayo ilimpa Zakayo nguvu ya kutia mkono ndani ya tairi na kuutafuta mwiba. Nasi twajua ya kwamba mkono huo huchomwa. Yule fundi alitumia kitambaa kwa sababu hiyo.

Yule mwana alituuliza, "Sasa nifanye nini, na mama amekwenda?" Tukamjibu ya kwamba mama amekwenda, lakini mchungaji wa ng'ombe yupo. Tuliulizauliza, tukamkuta akifanya kazi katika shamba la mkonge, mtu mzima sasa, mwenye mke na watoto. Tulikwenda kwake pamoja na wazee wawili. Mwana alisema yote, hakuficha, mbele ya mke wa yule mtu. Yule mtu alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Lakini waliniita mwizi kanisani. Naomba isemwe kanisani." Ikasemwa, Jumapili, baada ya matangazo, naye akiwa ameketi kiti cha mbele na watoto wake wakisikia. Alipewa mtamba mmoja, akaupokea. Mambo yote hayakurudi kama yalivyokuwa. Miaka aliyoitwa mwizi haikurudi, wala yule mama hakurudi. Lakini tangu siku ile nyumba ile haijatoboka tena mahali pale.

Basi, mpenzi msikilizaji, leo asubuhi twakuuliza kwa upole: ni tairi gani katika maisha yako unayoitia upepo kila asubuhi? Labda ni pombe, nawe kila Jumatatu waahidi, ila hujawahi kusema ni huzuni gani ikupelekayo kilabuni. Labda ni deni ambalo mwenzako wa nyumbani halijui, na kila mkigombana juu ya unga na karo mwasameheana, lakini deni lingali kimya ndani. Labda ni neno ulilomsingizia jirani, watu wakaliamini, nawe wamsalimu kila siku kwa bashasha. Kutia upepo si vibaya. Sala ya asubuhi ni njema, na kupeana mikono ni kwema. Lakini kama tairi hulala kila usiku, mwinjilisti wetu alisema kweli: ina neno. Ifungue leo, usingoje Jumamosi. Hujui ni lini utapigiwa simu ya saa tisa.

Wala usiogope kwamba ukiutaja mwiba Mungu atashtuka. Yule mwenye Zaburi ya 139 alimaliza kwa kumwomba Mungu amchunguze mpaka ndani ya mawazo yake, kwa sababu katika Zaburi ile yote alikuwa amekwisha kukiri kwamba Mungu anamjua tangu tumboni mwa mama yake. Yeye aujuaye mwiba wako tayari hatauona kwa mara ya kwanza utakapousema. Ni wewe utakayeuona, na kuutoa, na kuendelea na safari.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe watujua. Tusamehe kwa kuwa tumeyafunika mambo uliyotaka tuyafunue, na kwa watu waliotungoja nasi tukachelewa. Tupe saburi ya kutafuta, na moyo wa kusema kweli, na neema ya kurudisha tulichokitwaa. Uwalinde vijana wetu wote walio njiani leo kwa pikipiki, pamoja na wale waliowapakia. Uwafariji waliofiwa kabla ya kupatana. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, twawatakia siku njema. Nawe kijana uliye steji, kabla hujampakia abiria wako wa kwanza, inama kidogo uitazame ile tairi ya nyuma. Kwaherini.